Somo: Kulisha kwa zamu ukiwa na ekari 20

Ndugu wafugaji, wengi wanaotaka kuanza kulisha kwa zamu huniuliza kwanza bei ya waya wa uzio. Waya utasubiri. Anza kuhesabu siku: nyasi hii imeliwa lini, na ng'ombe watairudia lini? Jani likiliwa zaidi ya nusu, mzizi husimama kukua. Ng'ombe akirudi kung'ata chipukizi mapema, nyasi nzuri hufa, ardhi hubaki upara, mvua ikaja ikaukomba udongo.

Sisi wa Shinyanga tumeirithi elimu hii. Ngitili ya wazee, yaani eneo la malisho linalotengwa kwa akiba ya kiangazi, hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na ngitili zikafufuka kwenye mamia ya maelfu ya hekta.

Hatua ya 1. Tembea shamba lote pamoja na mchungaji wako. Tazameni palipo upara, palipo na maji, na nyasi zipi ng'ombe huzikimbilia. Chagua mti mmoja, upige picha kutoka hapo kila mwezi.

Hatua ya 2. Pima idadi. Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani kilo 6 za majani makavu kwa siku, kwa hiyo watano hula kilo 30. Kwa mvua zetu, ekari 20 zianze na hao watano. Najua inauma, maana kwetu mtu huheshimiwa kwa wingi wa mifugo. Lakini nimeona makundi makubwa yakiisha kiangazi kimoja, na sitaki yakukute.

Hatua ya 3. Funga ekari 8 ziwe ngitili ya kiangazi. Zile 12 zigawe vitalu 12. Siku 3 kila kitalu, kisha kinapumzika siku 33. Mpaka unaweza kuwa kichuguu, mti au mstari wa katani, kwa sababu uzio wako wa kwanza ni mchungaji. Mlipe vizuri na mweleze sababu ya kila kitu, kwani asiyejua sababu atawapeleka penye kivuli.

Hatua ya 4. Hama nyasi ikibaki nusu, hata kama siku 3 hazijatimia. Mvua ikikatika, usirudi kitalu cha kwanza kwa kuwa tarehe imefika. Angalia kimo cha nyasi. Kama haijarudi, walishe mabua ya akiba. Hapa ndipo wengi tunapokosea.

Hatua ya 5. Palipo upara, laza ng'ombe usiku tano hadi saba ndani ya zizi la miiba, kisha lihamishe. Samadi na kwato zitafanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikipumzisha kitalu kupe watakufa? Niache josho?*
Usiache, ndugu yangu. Kupe anayeeneza ugonjwa wa ndigana kali anaweza kukaa miezi mingi bila damu, na siku 33 kwake si kitu. Endelea na josho kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa kata.

*Ng'ombe wa jirani wanaingia usiku kwenye ngitili yangu. Nifanyeje?*
Nenda ukaongee naye kabla ya kiangazi, kila mtu akiwa bado ana majani. Mwonyeshe mipaka, kisha pelekeni shauri serikali ya kijiji liandikwe. Kwa Wasukuma, Dagashida, yaani baraza la jadi, ilikuwa na faini kwa waliovamia ngitili, na palipo na sheria ndogo za kijiji, faini hiyo bado ina nguvu.

*Nina mbuzi sita pia. Wawe na kitalu chao?*
Hapana, mama. Waende pamoja na ng'ombe, wahame pamoja. Mbuzi hupenda majani ya vichaka, hivyo watakupunguzia vichaka vinavyoizidi nyasi. Linda tu miche ya miti uliyopanda: izungushie miiba kabla hawajafika kitalu hicho.