Unataka kwenda kujitolea Ujerumani? Soma hii kabla hujamtumia mtu hela

Karibu kila wiki naamka nakuta meseji, dada mambo, nasikia ulienda Ujerumani kujitolea, nifanyie konekisheni. Jamani konekisheni sina. Niliomba kama watu wengine, nikakaa mwaka mmoja kwenye mji mdogo karibu na Hamburg, nikarudi Moshi. Naandika yote hapa ili ukiniuliza tena nikutumie hii na usinione nina roho mbaya.

Kwanza ujue unaomba nini. Kuna programu ya serikali ya Ujerumani inaitwa weltwärts, ilianza 2008 kuwaleta vijana wao nchi zetu, hawa unaowaona nyuma ya bodaboda na suruali za vitenge wengi wamekuja kwa njia hiyo. Tangu 2013 kuna upande wa pili, vijana wa huku kwenda kule, wanauita Kusini kwenda Kaskazini, na huo ndio wako. Ukifika unaingizwa kwenye utaratibu uleule wa kujitolea wanaotumia Wajerumani wenyewe, Bundesfreiwilligendienst, sisi tulisema BFD tu maana ulimi unachoka. Umri ni 18 mpaka 28. Nauli, malazi, chakula, bima ya afya, hivyo vinashughulikiwa, na unapewa posho kidogo ya mfukoni. Posho, sio mshahara! Kuna mwenzetu alifika wiki ya pili tu akauliza ataanza lini kutuma hela ya tofali nyumbani, aliumia sana.

Maombi hayaendi ubalozini, wala huwaandikii weltwärts moja kwa moja. Unapitia shirika la hapa nyumbani ambalo lina ushirikiano na shirika la kule, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua nani ana huo ushirikiano. Kwetu Kilimanjaro ni rahisi kidogo, sharika za Kilutheri zina marafiki Ujerumani miaka na miaka. Dar ni jiji rafiki na Hamburg tangu 2010, ulizia hapo pia. Kwingine nenda shule au kituo chochote kinachopokea vijana wa kizungu wa kujitolea, uwaulize, nyie mnapokea, je mnapeleka? Mimi swali hilo moja ndio limenipandisha ndege.

Ukikutana na mtu anasema tuma laki tatu nikushikie nafasi, kimbia, hata kama ana ofisi na kalenda ya Berlin ukutani. Hela utakayotoa mwenyewe ni ya makaratasi yako. Pasipoti ni 150,000, na kabla ya pasipoti unatakiwa namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo wengi wanapokwama, cheti cha RITA kinasema Elisabeth, cha form four kinasema Elizabeth, na NIDA wameandika Eliza. Anza kurekebisha leo, hata kama hujaanza kuomba. Chukua na cheti cha polisi cha tabia njema, maana ukipangiwa sehemu yenye watoto watataka kujua wewe ni mtu gani.

Na chanjo ya surua! Hii hakuna aliyeniambia, nikaja kuambiwa nikiwa nimeshapata nafasi. Ujerumani tangu Machi 2020 kuna sheria, aliyezaliwa baada ya 1970 hafanyi kazi shule wala chekechea bila kuonyesha amechanjwa surua. Kadi yangu ya kliniki mama aliitafuta siku mbili, ilikuwa chini ya godoro pamoja na risiti za mbolea. Muulize mama yako mapema.

Kijerumani, jifunze kabla ya kuondoka, angalau uvuke A1, kile kiwango cha kwanza kabisa. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, wako Dar na Nairobi, ila kama uko mkoani na hela ya kozi huna, simu yako inatosha kuanzia, muhimu uongee kwa sauti usiishie kusoma tu. Nilienda nikijua sarufi nzuri kabisa, mtoto wa miaka saba akaniuliza kitu nikabaki namkodolea macho.

Sasa intavyuu. Usiwaambie nataka kusaidia jamii, hayo wameyasikia mpaka basi. Waambie unachofanya sasa hivi. Mimi Jumamosi nilikuwa nasoma na watoto wa mtaani kwetu kwenye kibaraza cha kanisa, kitu kidogo tu, ila niliulizwa kwa nini nikajikuta naeleza habari ya rafiki yangu wa darasa la tano. Enzi zetu ada ya msingi ilishafutwa lakini michango ilikuwepo, mchango wa mlinzi, wa mitihani, wa dawati, na asubuhi majina yanasomwa paredi, asiyelipa arudi nyumbani akalete. Yeye alirudishwa mara ya nne akaona aibu, hakuja tena. Ada ya sekondari ya kutwa za serikali ilikuja kufutwa Januari 2016, ilikuwa elfu ishirini kwa mwaka, yeye wakati huo alikuwa ana mtoto na genge la nyanya. Alikuwa ananipita hesabu. Sikupanga kuyasema hayo ila naamini ndio yalinipa nafasi, kwa hiyo na wewe tafuta yako ya kweli, usikopi yangu.

Ukifika, ndani ya wiki mbili ukaandikishe unapoishi, bila karatasi hiyo hata benki wanakuangalia tu. Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia, na Jumapili maduka yamefungwa, nunua mkate Jumamosi. Baridi utaizoea, giza mimi sikulizoea. Kwa mwaka mmoja kuna siku 25 za semina, usizikwepe, ndiko unakutana na wenzako kutoka nchi nyingine na ndiko utacheka baada ya wiki nyingi.

Kazini jiandae kushuka. Mzungu wa miaka 19 akija shule zetu kesho yake ana chaki mkononi anafundisha darasa zima, mimi nina stashahada ya ualimu, kwenye shule niliyopangiwa kule nikapewa kufunga zipu za makoti, kupangusa makamasi na kufuta meza baada ya chakula. Kwanza nilikasirika. Baadaye nikaelewa kwamba kule anayejitolea haruhusiwi kuchukua nafasi ya mfanyakazi, mwalimu ni mwalimu na wewe ni msaidizi, na nikaanza kujiuliza kwa nini sisi kwetu hatusemi hivyohivyo.

Kuna kitu nakuomba ukiangalie ukiwa huko. Watu wanarudi wanasimulia projekta na vyoo vyenye maji ya moto. Mimi kilichonishika ni simu ya asubuhi. Mtoto asipoonekana saa mbili, sekretari anapiga nyumbani, yuko wapi. Kwenda shule ni sheria na mtu anaifuatilia, hakuna mtoto anayerudishwa getini, yaani shule ndio inamtafuta mtoto. Nilimkumbuka rafiki yangu, nikaenda chooni nikalia.

Ila usirudi ukasema kule ni peponi. Darasa la nne likiisha, watoto wana miaka kumi hivi, wanagawanywa, hawa Gymnasium, barabara ya moja kwa moja ya chuo kikuu, wale shule za aina nyingine ambako njia ipo ila inazunguka. Kulikuwa na kijana wetu, familia imetoka Syria, hesabu anazila kama karanga, Kijerumani bado kinachechemea, unajua mwenyewe alipelekwa upande gani. Nilimaliza la saba Bongo, mchujo naujua kwa harufu.

Kuhusu kuzamia, najua unaliwaza. Usifanye. Shirika lililokupeleka ndilo litakalobanwa, na kijana anayekufuata ndiye atakayenyimwa viza. Ukitaka kurudi kusoma ufundi wa kazini, wanaita Ausbildung, omba kwa njia yake. Ukitaka chuo kikuu, ni kweli vya umma vingi havitozi ada, ila viza ya masomo mara nyingi inataka uonyeshe hela ya kuishi kwenye akaunti maalumu, tangu 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, piga hesabu kwa shilingi ndio uanze ndoto.

Mwezi mmoja kabla hujaondoka dai cheti cha kazi, wanaita Zeugnis, kiandike ulifanya nini na kwa muda gani, kiwe na sahihi na muhuri, uondoke nacho mkononi. Mimi nilikubali kutumiwa kwa posta, kilinifikia baada ya miezi mitano, nafasi niliyokuwa naiombea ilishachukuliwa na mtu.