Namna ya kuomba siku ngumu, wakati ata maneno hayatoki

Wengi wetu tumejifunza kuomba siku za neema, tumbo limeshiba na watoto wako shule, alafu siku mambo yanageuka, kazi imeisha, mgonjwa yuko wodini, ada za shule za muhula hazijalipwa na mwenye nyumba anagonga mlango, unapiga magoti na hakuna kitu kinatoka mdomoni, unaanza kujiuliza kama imani yako ilikuwa ya kweli kweli. Ilikuwa ya kweli, tulia. Kinachokosekana ni utaratibu mdogo wa kukubeba siku ambayo huna nguvu, na ndo huo nataka tuongee, uwe Kampala kwenye chumba kimoja au uwe Nakivale kwenye kambi ya wakimbizi.

Kwanza kabisa punguza. Wakati wa shida sio wakati wa kuanza kuamka saa tisa usiku na kuomba masaa mawili eti kwa sababu mtumishi fulani wa redioni anafanya ivo, utaweza siku chache alafu mwili utakataa na sasa juu ya shida zako utakuwa umeongeza hatia. Chukua dakika tano tu, ila zifunge na kitu ambacho tayari unafanya kila siku bila kukumbushwa, maji ya chai yakiwa kwenye sigiri, au pale steji kabla hujawasha boda, au ukishafunga mlango usiku. Danieli aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10) na yule alikuwa mtu wa serikali mwenye kazi nyingi, so usiniambie uko bize. Na ukisoma vizuri utaona siku ile amri ya kukataza watu kumwomba Mungu ilipotoka hakuanza kitu kipya, aliendelea na ile ile aliyoizoea, ndo maana miguu yake ilijua njia ya kwenda dirishani.

Ukipita soko la Owino hapa Kampala asubuhi kabla wateja hawajajaa utamuona mama wa mitumba ameweka kiganja juu ya belo ambalo bado halijafunguliwa, macho wazi, midomo inacheza kidogo, maana amekopa kulinunua na hajui ndani kuna mashati mazuri au matambara, alafu anavuta kisu anakata mikanda. Hiyo ni sala kamili bana, hakuna kinachopungua. (Soko lenyewe jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, yule shahidi Mkristo Joseph Mukasa aliyeuawa Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ila nani analiita ivo, wote tunasema Owino.)

Sasa kama maneno hayaji, tumia ya watu wengine, Zaburi ziko 150 na nyingi ni watu wanalia. Anza na ya 13, ni fupi, mistari sita tu. Isome kwa sauti, ata ya chini kama mnashare ukuta na jirani. Kwenye mistari miwili ya kwanza Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne, yani anamuuliza bila kumung'unya maneno. Ukifika hapo simama, weka na zako: hata lini hili deni la sako (chama cha kuweka na kukopa), hata lini huyu mtoto na degedege, hata lini nitangoja barua ya ofisi ya wakimbizi. Usikimbilie "asante Bwana kwa yote" kama moyo haujafika huko, atajua unadanganya. Zaburi ya 88 yenyewe inaisha gizani, hakuna haleluya mwishoni, na wazee walioikusanya waliiacha ivo ivo. Na kama ata kusoma kumekushinda kaa kimya tu, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo ile kuguna kwako pia imehesabiwa.

Ukianza kuomba kitu, omba cha leo. "Utupe leo riziki yetu" haisemi riziki ya mwaka. Sala ya "Bwana nibariki" ni pana mno, huwezi kujua imejibiwa lini, bora useme nahitaji elfu kumi na tano ya dawa kabla ya jioni, nahitaji roho ya kuongea na mume wangu bila kupiga kelele. Tafuta kitabu cha mazoezi kama vile vya watoto wa shule, ukurasa wa kushoto andika tarehe na ulichoomba, wa kulia acha wazi. Kikija andika kilikujaje, na mara nyingi kinakuja kwa mlango ambao hukuutazama. Kisipokuja, au jibu likawa hapana, andika pia. Kitabu cha majibu mazuri tupu kitakuchosha haraka na hutakiamini.

Mwili nao usiusahau, hapa ndo watu wa maombi tunaharibu sana. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mretemu akaomba afe, na malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, mambo ya mlima Horebu, kule Mungu alikoongea naye, yakaja baadaye. Kwa hiyo kula, lala. Kama unameza dawa za sukari au ARV, au una mimba, au unanyonyesha, usifunge chakula, funga simu, funga umbea. Na mtu akikuambia utupe dawa kwa sababu umeshapona kwa imani, mkimbie, Luka mwenyewe alikuwa tabibu na Paulo anamuita mpendwa (Wakolosai 4:14). Kama usingizi umekata wiki nzima na mawazo ya kujiua yanakuja, mwambie mtu leo leo na uende kituo cha afya kilicho karibu, wakiona inafaa watakutuma Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, na kwenda Butabika sio kukosa imani.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu: anayetaka utume mobail mani ndo akuombee, muulize kama amesoma 2 Wafalme 5. Naamani akishapona ukoma alileta zawadi nzito nzito, nabii Elisha akakataa, aliyezifuata kwa nyuma ni mtumishi wake Gehazi na tunajua aliondoka na ule ukoma.

Alafu usiombe peke yako muda mrefu. Uganda ina historia na hilo, walokole (Wakristo waliookoka) tangu miaka ya 1930 walikuwa wanakutana vikundi vidogo wanaambiana ukweli wa maisha yao, na mwaka 1977, mwaka ule Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, Rais Idi Amin alipiga marufuku makanisa mengi madogo na watu wakaendelea kuabudu majumbani kwa sauti ya chini. Huhitaji umati, tafuta watu wawili wanaojua kunyamaza. Ukiwatumia meseji usiandike "niombee" peke yake, mtu atajibu amina na kusahau. Andika "dada, kesho saa tatu naenda kortini kwa ile kesi ya kiwanja, niombee nisiongee kwa hasira." Hapo ana kitu cha kushika. Kama kanisa la karibu ni Kiluganda tupu na hukishiki vizuri, ulizia ibada ya Kiswahili, Kampala zipo hasa mitaa wanakoishi ndugu zetu Wakongomani, na kwenye maombi ya lanchi mjini hakuna atakayekuuliza unaomba kwa lugha gani.

Ukikosa siku mbili tatu usijaribu kulipa zile sala kama deni, endelea na ya leo. Na jambo likishaisha, vizuri au vibaya, wapigie wale watu wawili uwaambie limeishaje, alafu waulize na wao wanataka uwaombee nini, andika kwenye kitabu.