Somo: Kuusaidia mwili urudishe mpangilio wa homoni baada ya tiba ya uzazi

Somo hili ni la mwanamke aliyemaliza mzunguko wa tiba ya uzazi, iwe ni vidonge vya kuchochea mayai au urutubishaji wa nje ya mwili ambao wengi tunauita IVF, akakosa mimba, na sasa anataka hedhi yake itulie kabla ya kujaribu tena au kupumzika. Aliyepata mimba asilifuate, kwa kuwa dawa alizoandikiwa huendelea mpaka daktari wake aseme basi, na mitishamba mingi nitakayoitaja haimfai.

Nianze na utendaji wa mwili, maana asiyeuelewa ndiye anayeuziwa kila kitu. Katika mwezi wa kawaida, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, pituitari hutoa homoni za FSH na LH, na ovari huitikia kwa kukomaza yai na kutoa estrojeni na projesteroni, ambazo nazo huuarifu ubongo kwamba kazi imefanyika. Tiba huyaingilia mazungumzo hayo kwa makusudi: sindano za FSH hukuza vifuko vingi vya mayai kwa pamoja, dawa nyingine huizuia pituitari ili mayai yasitoke kabla ya wakati, na sindano ya hCG, homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba, huyakomaza. Dawa zikishatoka mwilini, kwa wanawake wengi mazungumzo hurudi yenyewe. Kwa hiyo tiba asili inayofaa ni ile inayouwekea mwili mazingira mazuri, wala si ile inayoongeza sauti nyingine kabla zile za kwanza hazijanyamaza. Na wale wanaotangaza dawa ya “kurudisha mayai yaliyoisha kwa sindano” waambiwe kwamba mayai yanayokuzwa katika tiba ni ya kundi la mwezi uleule, ambayo mengi yangekufa hata bila sindano.

Hatua ya kwanza: jua ulichopewa na siku ulipokiacha

Omba muhtasari wa tiba yako kwa maandishi. Kati ya vidonge vya kuchochea mayai, klomifeni hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, ilhali letrozoli hutoka mapema zaidi. Sindano ya hCG huweza kubaki kwa hadi wiki mbili, ndiyo maana kipimo cha mimba cha mkojo kikifanywa mapema huweza kusoma mimba isiyokuwapo. Ukiacha projesteroni, damu kwa kawaida hutoka ndani ya siku chache; damu hiyo imeletwa na kuachwa kwa dawa, na huweza kuwa nyingi kuliko ulivyozoea. Hedhi ambayo mwili wako wenyewe umeiandaa huja baadaye, mara nyingi baada ya wiki 4 hadi 6.

Kabla ya kugusa mtishamba wowote, pata jibu la kipimo cha mimba cha damu. Kutokwa na damu peke yake hakuthibitishi kwamba hakuna mimba, kwa sababu hata mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi huweza kuambatana na damu.

Hatua ya pili: zitambue dalili zisizongoja tiba asili

Baada ya sindano ya hCG, ovari zilizochochewa kupita kiasi huweza kuvujisha maji tumboni. Tumbo likijaa kwa kasi, uzito ukiongezeka kwa kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo ukipungua, pumzi ikibana, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usinywe chai ya kutoa maji mwilini, kwa kuwa damu tayari imekuwa nzito na hatari ya kuganda ipo.

Hatua ya tatu: lisaidie ini kupitia utumbo

Hapa ndipo chakula kinapofanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote. Ini huichukua estrojeni, huifungasha, kisha huitoa pamoja na nyongo mpaka kwenye utumbo ili itoke na choo. Choo kikikaa siku nyingi, bakteria wa utumbo huifungua tena na sehemu yake hurudi kwenye damu. Nyuzinyuzi husaidia kuitoa, hivyo lenga gramu 25 hadi 30 kwa siku kutoka kwenye jamii ya kunde, mboga za majani, matunda na nafaka zisizokobolewa, ukiongeza kidogokidogo na kunywa maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Mbegu za kitani zinafaa kwa kazi hii. Zisage, kwa kuwa zikiliwa nzima nyingi hupita kama zilivyoingia. Kijiko kimoja cha chakula kwa siku kinatosha kuanzia, na dawa za hospitali zinywe saa mbili mbali nazo. Zina lignani, kemikali za mmea ambazo hugusa vipokezi vya estrojeni kwa nguvu ndogo sana. Mimi huzithamini zaidi kwa nyuzinyuzi zake kuliko kwa sifa za kihomoni zinazopambwa nazo.

Aliyetokwa na damu nyingi apime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, ale vyakula vyenye chuma pamoja na matunda yenye vitamini C, na chai aisogeze mbali na mlo. Anayekusudia kujaribu tena aendelee na asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku, au kiasi kikubwa zaidi iwapo daktari alimwandikia hivyo. Kuhusu dawa za kuharisha ziitwazo za kusafisha sumu, ini na figo hazizihitaji.

Hatua ya nne: usingizi na mwendo

Tembea, lakini usiruke, usikimbie wala kunyanyua vitu vizito mpaka ovari zirudi katika ukubwa wake, kwa sababu ovari iliyovimba huweza kujisokota na kukata damu yake yenyewe. Lala na kuamka kwa saa zilezile. Usianze kujinyima chakula ili kuondoa uzito ulioongezeka, kwani ubongo unaohisi njaa ya muda mrefu hupunguza amri zake kwa pituitari, na hedhi unayoisubiri huzidi kuchelewa.

Hatua ya tano: mtishamba mmoja kwa wakati, baada ya hedhi ya kweli

Tangawizi katika kiasi cha chakula ni salama kwa wengi, nayo husaidia kichefuchefu na maumivu ya hedhi; anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari awe mwangalifu. Urukususu (licorice) ukitumiwa kila siku hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Ashwaganda huweza kupandisha homoni za tezi ya shingo na imehusishwa na madhara ya ini. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Viteksi, yaani Vitex agnus-castus, ndiyo inayouliziwa kuliko zote. Huathiri vipokezi vya dopamini kwenye pituitari na hivyo huweza kushusha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Mti unaoigusa pituitari ni dawa kamili, na usichanganywe na dawa za uzazi: mwaka 1994 madaktari waliripoti mwanamke aliyeitumia bila kuandikiwa kabla ya mzunguko wa IVF usio na dawa za kuchochea, ovari zake zikakuza vifuko zaidi ya kimoja na homoni zake zikavurugika. Itumike kwa usimamizi tu, na tiba mpya ikikaribia, daktari ajulishwe ili apange lini iachwe.

Hatua ya sita: andika

Mstari wa daftari lililojazwa vizuri husomeka hivi: “Siku ya 17, joto 36.7 kabla ya kuinuka kitandani, ute umekauka, tangawizi siku ya pili, tumbo halijauma.” Joto likipanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 na kubaki juu, huenda yai limetoka. Kipimo cha projesteroni hufanywa takriban siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya homoni, hivyo mtajie mpimaji mapema ili akuambie uviache siku ngapi kabla.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimeacha projesteroni, damu inatoka na mabonge. Je, ninywe dawa ya kusafisha kizazi?*

Marahaba. Hapana. Kizazi kinajisafisha kwa damu hiyohiyo unayoiona. Kujifukiza au kuweka dawa ukeni huweza kuunguza na kuleta maambukizi. Ukijaza pedi moja au zaidi kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au ukihisi kizunguzungu, nenda hospitali.

*Nimeletewa chupa ya kusawazisha homoni, haina maandishi yoyote. Mwenye kuiuza anasema ni majani matupu.*

Usiinywe, dada yangu. Bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa na dawa za viwandani zilizofichwa, na hata kama kweli ni majani, bila kujua ni yapi na kwa kiasi gani hakuna atakayeweza kukuambia kama yanagongana na dawa zako.

*Mimi ni mume. Mke wangu analia kila usiku tangu majibu yatoke. Ni homoni au ni huzuni?*

Vyote viwili huweza kuwapo, kwa maana estrojeni na projesteroni zimeshuka ghafla katika siku zilezile alizopata habari mbaya. Mpe nafasi ya kuizungumza bila kumharakishia mpango wa mzunguko mwingine. Hali ikipita wiki mbili, au akikosa usingizi na hamu ya kula, au akitamka kwamba hataki kuishi, mtafutie msaada wa kitabibu, na katika hali hiyo ya mwisho usingoje hata siku moja. Usimpe mmea wa Hypericum (St John's wort) unaosifiwa kwa huzuni: hupunguza nguvu za dawa nyingi, zikiwamo za homoni, na ni hatari ukichanganywa na dawa za sonona.

*Wiki ya 8 inaisha, sijaona hedhi. Nianze viteksi?*

Usianze. Pima mimba kwanza, kisha TSH (homoni inayoiamuru tezi ya shingo), prolaktini, FSH na estradioli (aina ya estrojeni), pamoja na picha ya ovari. Ukianza viteksi leo, huenda ikashusha prolaktini kabla haijapimwa, na chanzo cha kuchelewa kikabaki kimefichika. Chukua ule muhtasari wa tiba pamoja na daftari lako uende navyo, na iwapo ulichomwa sindano ya kuizuia pituitari ya aina inayodumu mwezi au zaidi, itaje mwanzoni kabisa, kwa kuwa hiyo pekee yaweza kueleza ucheleweshaji wote.