Bunduki ya hewa: kwa nini tundu huhama mwendo wa risasi ukibadilika

Umeiweka darubini sawa Jumamosi. Jumapili ukafungua kopo jingine la risasi, na matundu yote kwenye karatasi ya shabaha yakaenda chini na kushoto. Usizungushe vifundo vya darubini bado. Mwendo huhamisha tundu kwa njia mbili, na dawa ya moja haiitibu nyingine.

Njia ya kwanza ni mvutano wa dunia. Risasi huanza kuanguka pale pale inapotoka mtutuni, na kadiri inavyokawia njiani ndivyo inavyoshuka zaidi. Chukua risasi ya gramu 0.55 inayotoka kwa mita 240 kwa sekunde. Weka ya gramu 0.68 katika bunduki hiyo hiyo: nguvu isipobadilika, mwendo utashuka hadi mita 216 hivi. Tukiacha ukinzani wa hewa, kwenye mita 25 ya kwanza huanguka milimita 53 na ya pili 66. Tofauti ni milimita 13. Kwenye mita 10 tofauti hiyo hiyo ni milimita 2 tu, kwa sababu kuanguka hukua kwa mraba wa muda.

Njia ya pili ni mtikisiko wa bunduki yenyewe, na hii ndiyo inayowasumbua wengi. Katika bunduki ya springi, pistoni ikikimbia mbele bunduki hurudi nyuma. Pistoni ikigonga mto wa hewa, bunduki hutupwa mbele. Mtutu nao hutetemeka kama fimbo. Risasi nzito hukaa mtutuni kitambo kirefu kidogo, hivyo hutoka wakati mdomo wa mtutu umeshaelekea kwingine: juu, chini au pembeni. Ndiyo maana risasi ya polepole wakati mwingine hupiga JUU zaidi kwenye mita 10. Si uchawi.

Kuzitenganisha ni kazi ya asubuhi moja. Anza mapema, kabla upepo wa baharini haujaamka. Dar ikishafika mchana, kusi au kaskazi vitakuharibia kipimo cha kushoto na kulia. Vaa miwani ya kinga, weka kizuizi kisichorudisha risasi nyuma ya karatasi, na piga pale tu kibali chako na sheria vinaporuhusu. Kaza kwanza skrubu za kitako na za darubini. Skrubu iliyolegea huigiza kila ugonjwa tutakaoutaja hapa. Pima risasi kwa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Piga tano za kila aina kwenye mita 10, kisha tano tano kwenye mita 25, kitako kikiegemea mfuko laini mahali pale pale kila mara. Usishike mtutu. Kronografu (kifaa cha kupima mwendo wa risasi) ikiwepo, andika kila mwendo.

Sasa pima umbali kati ya katikati ya makundi mawili. Yakiachana milimita 2 kwenye mita 10 na takriban 13 kwenye mita 25, yaani mara sita hivi, hiyo ni kuanguka tu, na kuzungusha kifundo kunatosha. (Risasi nzito kwa kawaida hutunza mwendo vizuri zaidi, kwa hiyo pengo la mbali linaweza kupungua kidogo.) Yakiachana milimita 8 kwenye mita 10, au yakienda pembeni bila upepo, lawama ni ya mtikisiko. Hapo badili mshiko: sehemu ya mbele ya kitako ilale juu ya kiganja bila kubanwa, sogeza kiganja sentimita 2 mbele au nyuma, piga tena. Isipopona, rudi kwenye risasi ya awali.

Kama risasi ni zile zile lakini mwendo umepanda au kushuka, tafuta chanzo. Bunduki ya springi iliyotiwa mafuta karibuni huyachoma ndani na kupiga kwa kasi isiyotulia. Iache ipige risasi 20 hadi 30 ndipo upime. Mwendo unaoshuka wiki hadi wiki huashiria sili ya pistoni (kizibo kinachozuia hewa isivuje) au springi iliyochoka.

Bunduki za chupa ya gesi ya kaboni dioksidi (CO2) zinataka macho zaidi hapa kwetu. Gesi hiyo kwenye nyuzi 20 ina presha ya baa 57. Ikipita nyuzi 31, haiwezi tena kuwa kimiminika, na presha huzidi 70. Chupa iliyoachwa juani Januari si chupa ile ya alfajiri. Kufyatua harakaharaka nako huipoza, mwendo ukashuka. Iweke kivulini, subiri sekunde 20 hadi 30 kati ya risasi.

Bunduki za tangi la hewa zisizo na regulata (kifaa cha kusawazisha presha) huanza na mwendo wa chini zikijazwa kupita kiasi, kwa kuwa presha hubana vali isifunguke vya kutosha. Hupanda, hutulia, kisha huporomoka. Piga tangi zima kwenye kronografu, andika presha ambapo mwendo ulitulia, na ujaze hadi hapo tu, hata kama geji inaruhusu zaidi.