Somo: Kupima uzito wa washiriki wakiwa majumbani kwao

Ndugu wanachama, mliomba nieleze tunavyofuatilia washiriki wa utafiti kwa mizani inayotuma uzito yenyewe. Naeleza kwa mazingira yetu, Mwanza na visiwani.

Hatua ya 1: Njia ya kutuma. Mizani ya Bluetooth hutegemea simu janja iliyo karibu. Yenye laini ya simu ndani yake hutuma bila msaada. Nyumba yenye simu janja moja, na baba anaondoka nayo, mimi naipa ya laini. Kwanza hakikisha mtandao unashika pale pale nyumbani.

Hatua ya 2: Ikague. Weka juu yake jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo, andika inavyosoma. Mvutano wa dunia huku karibu na ikweta ni mdogo kidogo kuliko Ulaya, kwa hiyo mizani iliyorekebishwa kule inaweza kumsoma mtu wa kilo 70 pungufu kwa gramu 200 na kitu.

Hatua ya 3: Sakafu. Hapa ndipo data huharibika, nenda mwenyewe. Kule Mabatini, nyumba zilikopanda juu ya mawe, nilimkuta mama ameiweka mizani juu ya mkeka, na chini ya mkeka kuna zulia la plastiki, isichafuke. Ilikuwa inacheza. Tukapata kona ya saruji nyuma ya mlango, tukazungushia chaki miguu yote minne. Akawa kila akimaliza kudeki anaichora upya, na namba zake zikatulia.

Hatua ya 4: Wakati wa kupima. Usiseme "pima asubuhi". Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani, asubuhi ndiyo kwanza anashusha mzigo mwaloni. Mwambie: ukishaamka, ukatoka msalani, kabla hujala wala kunywa, ukiwa na nguo nyepesi. Nusu lita ya maji ni nusu kilo papo hapo. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja, hata mbili, kwa siku. Tazama wastani wa wiki.

Hatua ya 5: Saa. Mifumo mingi hutunza saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Aliyepima saa 12 asubuhi ataonekana amepima 03:00. Nilikaribia kufuta vipimo halali vya wiki nzima nikidhani watu wanapima usiku wa manane.

Hatua ya 6: Ridhaa. Mweleze nani ataona uzito wake, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isome.

MASWALI

Mwanachama, Nansio: Mwalimu, majirani wote wanaipanda. Niwakataze?
Jibu: Usiwakataze, mizani ikiingia uani ni ya uani wote. Mshiriki atangulie, wao wafuate. Kipimo kinachopishana sana na cha jana kitie alama, umpigie simu. Usikifute kwa kukisia.

Mwanachama, Igoma: Mshiriki wangu ana moyo kushindwa kufanya kazi. Kaongezeka kilo 2 na nusu kwa siku 3. Nisubiri wastani wa wiki?
Jibu: Hapana, dada. Kwa mgonjwa kama huyo, zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 huenda ni maji yanajaa mwilini. Mpigie sasa hivi, aende kwa daktari wake leo. Na kwenye timu yako mpangeni mtu wa kusoma namba kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.