Kupaka tefloni kwenye trei na mifereji ya kiwanda cha korosho

Mafuta ya maganda ya korosho yakikauka kwenye mfereji wa kuteremshia huganda kama lami, na mashine husimama watu wakikwangua. Tefloni, ule utando usionatisha wa kwenye vikaango, huondoa adha hiyo iwapo chuma kimeandaliwa vizuri. Hapa Mtwara kazi hii ifanywe wakati wa kipupwe, kabla msimu haujafunguliwa na mvua kuanza.

Trei na mifereji ya chuma hufaa. Visu vya kubangulia na springi acha: joto la oveni hulegeza chuma kilichokomazwa. Mabati nayo hapana, zinki yake huyeyuka kwenye nyuzi 420.

Kwangua, osha kwa kiondoa grisi, kisha choma mabaki kwenye oveni yenye bomba la moshi, nyuzi 400 hivi, hadi kusiwe na weusi unaonata. Vaa glavu, mafuta ya maganda hubabua ngozi.

Sasa piga chuma kwa chembe za oksidi ya alumini zinazorushwa kwa hewa ya kompresa, ili kikwaruzike. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, lakini una chumvi, na vumbi la silika huharibu mapafu. Kabla ya kupiga, puliza hewa ya kompresa kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kikilowa au kikipata doa la mafuta, toa maji kwenye tangi na ubadilishe chujio. Chuma kikishapigwa, usikiguse kwa mkono mtupu. Praima, yaani tabaka la kwanza la kushikisha tefloni, iingie ndani ya saa mbili, maana upepo wa bahari hauna subira. Ukiona wekundu wa kutu, piga upya.

Praima ikikauka iwe na unene wa maikroni 8 hadi 12 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), tabaka la juu la tefloni 15 hadi 20. Vipimo vya mtengenezaji vikitofautiana na hivi, fuata vyake, na hakikisha tefloni na praima hizo zinaruhusiwa kugusa chakula.

Pandisha joto polepole hadi chuma chenyewe, si hewa ya oveni, kifike nyuzi 370 hadi 400 kwa dakika 10. Funga kipimajoto kwenye kipande kinene kuliko vyote. Chini ya nyuzi 327 chembe za tefloni haziyeyuki, hivyo hutoka kwa ukucha. Ukizidisha, hutoa moshi unaoleta homa.

Malengelenge hutokana na kupandisha joto haraka. Mipasuko kama tope kavu, na kupaka nene. Kubanduka vipande, na grisi au kutu iliyobaki chini. Kwa lolote kati ya hayo, choma kwenye oveni ile yenye bomba la moshi na uanze upya, kiraka hakishiki.

Kiwandani, safisha kwa mwiko wa mbao.