Kabla ya kuomba viza ya kumfuata mwenza Uingereza: mambo ya kuzingatia ukiwa Dar es Salaam

Ofisa atakayeamua kama mtaishi pamoja au la, hatawaona. Ombi la viza ya mwenza huamuliwa Uingereza. Hapa Dar es Salaam utakwenda kituo cha viza kutoa alama za vidole na kupigwa picha, na kwa wengi hakuna hata mahojiano. Anayefungua faili lenu hajawahi kukaa kwenye kikao cha kamati ya harusi. Hajui mshenga ni nani, hajui send-off ina uzito gani kwa familia ya binti, wala haelewi kwa nini babu wa kwenye cheti cha kuzaliwa amegeuka jina la ukoo kwenye pasipoti. Nimeona ndoa za kweli kabisa zikikataliwa viza kwa sababu wenye ndoa waliandaa faili kana kwamba litasomwa na mjomba wao.

Kabla ya karatasi yoyote, fahamu hadhi ya aliyeko kule. Njia ninayoieleza hapa ni ya mwenza wa raia wa Uingereza au Ireland, au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu huko, pamoja na makundi mengine machache. Mwanafunzi na mfanyakazi mwenye viza ya muda wana njia tofauti, nayo imebanwa sana. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wanaoanza masomo hawaruhusiwi kuleta wenza, isipokuwa wale wa shahada za utafiti na wachache wengine. Wahudumu wa wazee na wagonjwa walioomba viza hiyo kwa mara ya kwanza tangu tarehe 11 Machi 2024 nao hawaruhusiwi. Vijana wetu wengi wamekwenda kwa njia hizo mbili. Kwa hiyo ni haki ya familia kuuliza mapema, kabla barua ya posa haijajibiwa. Shangazi akimwambia kijana, "Mwanangu, huko uliko unaishi kwa karatasi gani?" asionekane anaingilia. Anamlinda mtoto wa kaka yake asije akakaa miaka Tabata au Mbagala akiitwa mke wa mtu asiyeweza kumchukua.

Baada ya hadhi ni kipato, na hapa ndipo wengi hukwama. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini, yaani mwenza aliyeko Uingereza, anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600, na ndiyo maana bado utasikia watu wakitaja kiwango hicho cha zamani. Mwombaji aliyeko Dar anaweza kuwa na duka kubwa Kariakoo au mshahara mzuri benki, lakini kipato hicho hakihesabiwi. Akiba yake inahesabiwa. Wasio na kipato kabisa wanaweza kutumia akiba peke yake, nayo ni pauni 88,500, iwe imekaa kwenye akaunti yao kwa miezi sita mfululizo. Fedha ya michango ya harusi iliyoingizwa benki wiki mbili kabla ya kutuma ombi haisaidii, na inaweza kuzua swali la ilikotoka.

Aliyeajiriwa kwa kazi moja kwa miezi sita au zaidi ana kazi nyepesi kidogo. Atoe slipu za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe ya kuanza na aina ya mkataba. Kila slipu ioane na kiasi kilichoingia benki. Mwezi mmoja ukikosekana, faili lina tundu. Kama mwenzako anafikiria kubadilisha kazi, mwambie asubiri ikiwezekana, maana kubadili katikati ya miezi hiyo humpeleka kwenye hesabu nyingine ya miezi kumi na miwili iliyo ngumu zaidi. Mdhamini anayepokea baadhi ya mafao ya ulemavu hapimwi kwa kiwango cha pauni 29,000. Yeye huonyesha tu kwamba watamudu maisha.

Halafu gharama yenyewe. Kwa bei zilizoanza Aprili 2025, ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938, na tozo ya huduma za afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza hii ya miezi 33 inafika pauni 3,105. Jumla inapita pauni 5,000 kabla hujanunua tiketi ya ndege. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, hivyo soma tovuti ya serikali yao siku ile ile ya kulipa. Ombi langu kwa wanaopanga harusi ni kwamba, kama bajeti ya kamati ina mstari wa ukumbi, mapambo na mpiga video, viza nayo iwe na mstari wake. Wazazi na wanakamati wakielezwa vizuri wanaelewa. Ni heri wageni wapungue ukumbini kuliko maharusi kuachana uwanja wa ndege bila kujua watakutana lini.

Sasa cheti cha ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa inaweza kufungwa kanisani, msikitini, kimila au serikalini kwa mkuu wa wilaya, na taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa siku 21 kabla. Kinachotakiwa ni cheti kilichosajiliwa serikalini. Picha ukiwa madhabahuni au mbele ya shehe haichukui nafasi ya cheti. Kabla ya kutia sahihi, soma kilichoandikwa: tarehe, mahali, majina, hali ya kila mmoja, na aina ya ndoa. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila sheria yetu huichukulia kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ionyeshwe vinginevyo. Uingereza haimpokei mke wa pili iwapo mke mwingine wa mume huyo ameshaingia huko kwa hadhi hiyo. Kama mume hana mke mwingine, faili liseme hivyo waziwazi.

Jambo hili linawahusu pia waliofunga nikahi kwa wakili, yaani kwa mwakilishi, bwana harusi akiwa London na baba wa binti yuko Temeke. Kwetu ni ndoa halali na watu wamekula pilau. Kanuni za Uingereza zinataka wenza wawe wamewahi kukutana ana kwa ana, hivyo ushahidi wa kukutana kwenu lazima uwemo, na taratibu za nikahi ya namna hiyo zielezwe kwenye barua ya maelezo.

Aliyewahi kuoa au kuolewa aoneshe ndoa ile iliishaje. Talaka iliyotamkwa nyumbani, au barua ya baraza la usuluhishi peke yake, haitoshi. Nenda mahakamani upate amri ya talaka, hata kama mliachana zamani na kila mtu ana maisha yake. Mjane awe na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Foleni hizo uzianze mapema kabisa, kwa kuwa hazifuati ratiba yako.

Majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya shule, pasipoti na cheti cha ndoa, uvipange mezani na kuvisoma herufi kwa herufi. Mara nyingi utakuta Mohamed na Muhammad, Elizabeth na Elizabeti, majina matatu hapa na mawili pale, na tarehe ya kuzaliwa iliyosogea kwa sababu mwalimu aliiandika kwa kukisia. Hapa mjini tumezoea kusema "ni mimi huyo huyo," na mtendaji wa mtaa anakujua. Ofisa wa mbali hakujui. Kosa la kwenye cheti cha kuzaliwa lisahihishwe RITA, la NIDA lisahihishwe NIDA, na linalobaki lielezwe kwa kiapo mbele ya wakili. Pasipoti mpya ya kielektroniki, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, iombwe baada ya kusahihisha hayo, ili ibebe jina lililonyooka. Mwanamke aliyeolewa halazimiki kuchukua jina la mume, na kwa ajili ya viza ni salama zaidi kuacha jina kama lilivyo mpaka ombi lipite.

Ushahidi kwamba uhusiano wenu ni wa kweli ndio sehemu ambayo haitengenezwi kwa wiki moja. Unakusanywa polepole tangu mnapojuana. Mhuri wa kuingia Tanzania kwenye pasipoti ya mdhamini kila alipokuja, tiketi za ndege, risiti ya hoteli mliyofikia Zanzibar, miamala ya fedha aliyotuma kwa jina lako, picha mkiwa na wazazi wa pande zote kwa miaka tofauti. Picha mia za siku ya harusi huonyesha siku moja tu. Kumi zilizotawanyika katika miaka mitatu zinaeleza zaidi. Chini ya kila picha andika ni nani, wapi na lini. Kadi ya mchango yenye majina yenu ni ushahidi mzuri ajabu, ila andika mistari miwili kueleza ni kitu gani, na kwamba kwetu jamii nzima huchangia harusi ya watu inaowatambua. Vivyo hivyo barua ya posa na orodha ya mahari.

Mazungumzo ya WhatsApp nayo yamo, lakini ni ya Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha "niaje mamii" na "poa, ntakucheki." Karatasi isiyo ya Kiingereza inatakiwa iambatane na tafsiri yenye jina, sahihi, tarehe na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi. Ukiprinti miaka miwili ya mazungumzo, hutamudu kutafsiri. Chagua kurasa chache kutoka vipindi tofauti, zile mnazopanga mambo ya maisha: ugonjwa wa mama, kodi ya nyumba, tarehe ya safari. Ongeza na rekodi inayoonyesha mnapigiana simu mara ngapi. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wafasiri wanaotambulika wanafanya kazi ya tafsiri.

Makazi ni jambo fupi. Mdhamini aonyeshe mkataba wa pango au hati ya nyumba, na kwamba mtakuwa na angalau chumba chenu wenyewe bila nyumba kujaa kupita kiasi. Akiishi kwa ndugu, ndugu aandike barua ya kuridhia.

Kiingereza kinachotakiwa kwa kuanzia ni ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, kuongea na kusikiliza, kupitia mtihani ulioidhinishwa kama IELTS Life Skills kwenye kituo kilichomo kwenye orodha yao. Mhitimu wa chuo kikuu aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kutumia shahada yake, ikithibitishwa na Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje. Kipimo cha kifua kikuu hufanyika hapa Dar katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Cheti chake kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie kabla slipu za mwenzako hazijatimia. Pia usikiache mpaka wiki ya mwisho, kwa kuwa picha ya kifua ikileta shaka, kuotesha makohozi maabara kunaweza kuchukua hadi wiki nane.

Kama kuna mtoto wa uhusiano wa zamani, lizungumzeni kabla ya harusi. Kiwango cha pauni 29,000 hakiongezeki kwa sababu ya mtoto, ila mzazi anatakiwa kuonyesha kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi. Maneno ya bibi aliyemlea hayatoshi mbele ya ofisa. Tafuta amri ya mahakama, barua za shule zenye jina lako, risiti za ada na kadi ya kliniki.

Usimkabidhi kishoka faili lako, hata akikwambia ana mtu ndani. Taarifa za benki za kughushi au viza uliyowahi kunyimwa ukaificha vinaweza kukufungia mlango kwa miaka kumi. Kunyimwa kulikosemwa wazi kunaelezeka. Uongo ukigunduliwa hauna maelezo. Ukihitaji msaada wa kulipia, kule Uingereza ushauri wa uhamiaji hutolewa na mawakili au washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo kinachosimamia washauri hao, na usajili wao unaweza kuukagua mtandaoni.

Lengo la serikali ya Uingereza la kujibu ombi limekuwa wiki 12, na wakati mwingine huzidi. Usiache kazi, usiuze samani, usiage kanisani. Ukikataliwa, ada hairudi lakini tozo ya afya hurudishwa, na kwa kawaida una siku 28 za kukata rufaa ukiwa nje ya Uingereza. Soma sababu walizoandika moja moja. Pengo la karatasi moja mara nyingi huzibwa haraka zaidi kwa ombi jipya, wakati kukataliwa kwa madai kwamba ndoa si ya kweli kunastahili rufaa.

Ukifika utaruhusiwa kufanya kazi, ila hutapata misaada ya serikali inayotolewa kwa wakazi wenye kipato kidogo. Ukiwaza uraia huko mbele, kumbuka Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kabla miezi 33 haijaisha utaomba kuongezewa muda, na hapo watataka kuona mnaishi nyumba moja. Tangu wiki ya kwanza anza kutunza barua za benki, za zahanati na za umeme zenye jina lako au majina yenu wote wawili kwenye anwani hiyo, na weka fedha kidogo kila mwezi, maana ada na tozo ya afya vitalipwa tena.